Aliyekutuma ni Nani?

Wiki mbili zilizopita niliamka saa nane usiku kwenda kunywa maji, nikaona mwanga chini ya mlango wa chumba wanamolala wajukuu zangu. Nikausukuma mlango taratibu. Yule wa kidato cha pili alikuwa amejifunika shuka gubigubi, taa ya simu mkononi, anasoma. Aliposikia mlango alikisukumia kitabu chini ya mto akajifanya amelala. Nikamwambia akitoe. Kilikuwa Stormbreaker cha Anthony Horowitz, nakala ya mtumba, jalada limeungwa kwa selotepu, kurasa zimekuwa laini kama kitambaa kwa kupita mikono mingi. Nikamuuliza amefika wapi. Akasema, "Babu, wamempeleka kambini kufundishwa na wanajeshi." Nikakaa ukingoni mwa kitanda, tukazungumza kama robo saa, kisha nikamwachia amalizie sura ile.

Asubuhi mama yake aliposikia hakufurahi. Alisema mtoto anapoteza macho na usingizi kwa vitabu vya bunduki. Namwelewa. Lakini mimi nimefundisha Kiswahili sekondari miaka 31, na nimewaona vijana waliokuwa hawamalizi hata aya ya kitabu cha kiada wakimaliza riwaya ya upelelezi kwa siku mbili, halafu wakaja kuniuliza kama ipo nyingine. Robert Muchamore wa Uingereza alianza kuandika mfululizo wake wa CHERUB kwa sababu mpwa wake alilalamika kwamba hana kitabu cha kusoma kinachomfaa. Mtu anayewapa vijana sababu ya kusoma hadi usiku wa manane ametenda jambo jema, na mimi sitamnyang'anya mjukuu wangu kitabu chake. Ninachotaka ni kumwambia, na kuwaambia ninyi nyote mlio rika lake, jambo moja kuhusu vitabu hivi ambalo mimi nililijifunza kwa gharama.

Kwanza mjue kwamba nimepita njia hiyo hiyo. Mwaka 1980 nilikuwa na miaka 14, naishi Tanga, mtaa wa Ngamiani. Tulisoma visa vya Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, yule mwenye kiko anayetegua mafumbo ya Unguja kwa kuketi na kufikiri. Mzimu wa Watu wa Kale kilichapwa mwaka 1960, kabla sijazaliwa, lakini kwetu kilikuwa kipya. Kisha kikaja Kufa na Kupona cha Elvis Musiba, cha mwaka 1974, na hapo tukapata Willy Gamba, mpelelezi wa Kiafrika anayepambana na maadui wa ukombozi wa kusini mwa Afrika. Nyakati zile Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam, wapigania uhuru tulikuwa tukiwasikia redioni kila siku, kwa hiyo kwetu Willy Gamba hakuwa hadithi ya mbali. Kitabu kilikuwa kimoja na sisi tulikuwa watatu. Tukakichana mafungu matatu, kila mmoja akachukua fungu lake, tukawa tunabadilishana baada ya kutoka madrasa. Mimi nilianza na fungu la kati. Nilijua nani ameuawa kabla sijajua nani ameajiriwa, na bado nilikisoma nikitetemeka.

Sasa, kinachovuta ni nini? Watu wazima hudhani ni bastola na magari yanayokimbizana. Sivyo. Mwangalieni Alex Rider, shujaa wa Stormbreaker. Ana miaka 14, analelewa na mjomba wake. Polisi wanakuja usiku kumwambia mjomba amekufa katika ajali ya gari, na kwamba hakuwa amefunga mkanda. Kitabu kizima kinaanzia kwenye neno hilo moja. Alex anajua kuwa mjomba wake hakuwahi kuendesha gari bila kufunga mkanda, hata kwa safari fupi. Watu wazima wote wanayakubali maelezo, mtoto peke yake analiona tundu. Analitafuta gari, analikuta kwenye uwanja wa vyuma chakavu, na kioo chake kina matundu ya risasi. Nilipolisoma hilo nikiwa mtu mzima moyo ulinidunda kama wa kijana. Hapo pana sifa anayoitamani kila mtoto: kwamba anayoyaona ni ya kweli, na siku moja wakubwa watajua kwamba alikuwa anaona.

Na kuna la pili, kubwa zaidi. Kwetu mtoto ni mtu wa kutumwa. Nenda dukani kalete chumvi. Mpelekee shangazi hii sahani. Kamwite fundi. Nilipokuwa mdogo mtu mzima yeyote wa mtaani aliweza kukusimamisha na kukutuma, na hukuthubutu kuuliza kwa nini. Wakubwa wakianza mazungumzo ya maana unaambiwa utoke ukacheze. Sasa angalieni mpelelezi: kazi yake naye ni kutumwa. Kitenzi ni kile kile. Tofauti ni kwamba yeye ametumwa jambo zito, ameambiwa siri ambayo mawaziri hawaijui, na asipokwenda watu watakufa. Kutumwa kule kule kunakokuchosha nyumbani kunageuka kuwa heshima. Kijana akifika ukurasa huo anajisikia amepewa kiti baina ya watu wazima. Njaa hiyo ya kuaminiwa ni njema. Mola ameiweka ndani yenu ili mje mbebe nyumba na nchi sisi tukichoka.

Lakini ni njaa hiyo hiyo anayoitumia mtu mbaya kumshika mtoto.

Rudini kwenye vitabu vyenyewe, mtaliona. Mwaka 1901 Rudyard Kipling alichapisha Kim, riwaya ya mvulana wa Lahore anayeingizwa katika ujasusi wa Waingereza nchini India. Kim ni yatima. Alex Rider ni yatima. James Adams wa CHERUB anafiwa na mama yake mwanzoni kabisa mwa kitabu cha kwanza, The Recruit, cha mwaka 2004, na CHERUB, chuo cha majasusi watoto, huchukua watoto wasio na wazazi. Miaka mia moja imepita na waandishi bado wanaanza kwa kumwondoa mama. Kwa nini? Kwa sababu hadithi haiwezi kwenda mama akiwepo. Mama angeuliza: umetoka wapi, nani amekupa hicho, mbona una jeraha, na huyo bwana anakaa mtaa gani? Maswali manne, na kazi yote ya siri imekwisha.

Halafu mtazameni aliyeketi nyuma ya meza. Katika Stormbreaker ni Alan Blunt, mkuu wa idara ya ujasusi, mtu asiye na rangi wala joto. Alex anapokataa kazi, Blunt hambembelezi. Anamweleza kwamba Jack Starbright, dada wa Kimarekani anayemtunza, anaweza kunyimwa kibali cha kuishi Uingereza, na yeye Alex akapelekwa kwenye nyumba ya watoto. Mtoto anakubali kwa sababu ameshikwa pabaya. Wanampa yoyo yenye uzi unaoweza kubeba mzigo mzito, krimu ya chunusi inayoyeyusha chuma, na mchezo wa mkononi wa Nintendo uliojaa mitambo ya siri. Bastola hawampi, wanasema yeye ni mtoto bado. Lakini walipompeleka kwenye nyumba ya muuaji hawakuona kuwa ni mtoto. Na nisameheni kama hamjafika mwisho, lakini anayekuja kumwambia Alex maneno ya kweli, kwamba arudi shule na mambo ya kuuana awaachie wakubwa, ni muuaji wa kukodiwa, yule yule aliyemuua mjomba wake. Horowitz alilipanga hilo kwa makusudi, na mimi namheshimu kwa hilo kuliko kwa vifaa vyote. Wasomaji wengi wanalipita mbio wakikimbilia kitabu cha pili.

Muchamore ni mwangalifu zaidi upande huu. Watoto wa CHERUB wana haki ya kukataa kazi na haki ya kuacha wakati wowote, ingawa mafunzo yao ya siku 100 ni ya kutoa machozi. Wakati wa kusoma jiulizeni: mtoto huyu anaweza kusema hapana? Akisema hapana, nini kitampata?

Nitawasimulia langu sasa, ambalo watoto wangu wenyewe walilisikia wakiwa wameshaoa na kuolewa. Mpaka wetu na Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha vikaacha maduka matupu. Sabuni ya kuogea ilikuwa kitu cha kufungiwa sandukuni. Magendo ya Mombasa yaliingia usiku kwa ngalawa na kwa njia za porini. Karibu na kwetu palikuwa na mfanyabiashara mmoja ambaye sitamtaja jina. Siku moja aliniona nimekaa barazani na fungu langu la kati. Akaniuliza nasoma nini. Nikamwambia. Akacheka kwa upole, akainama, akaniuliza kama mimi ni mtu wa kutunza siri.

Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza.

Kazi ilikuwa bahasha. Naichukua dukani kwake baada ya shule, naiingiza ndani ya shati, naendesha baiskeli ya mjomba hadi nyumba moja ya Sahare karibu na pwani, nampa mtu atakayefungua mlango. Alinifundisha nisipite njia moja mara mbili. Akaanza kuniita Gamba. Malipo yalikuwa kipande cha sabuni, nikimpelekea mama nikisema nimepewa na rafiki. Na kila mara sharti lilikuwa moja: mama asijue, atakuwa na hofu bure. Nilikwenda mara nne. Mara ya tano nilikuta askari mlangoni, nikajaribu kupita kama siyo mimi, mguu ukateleza kwenye pedali nikaanguka mbele yao. Ndani ya bahasha mlikuwa na noti za shilingi za Kenya, na kukutwa na fedha za kigeni siku zile lilikuwa kosa la kwenda jela.

Yule bwana aliitwa kituoni. Aliingia amevaa kanzu safi, akanitazama, akasema, "Huyu mtoto simfahamu."

Nilikuwa nimeketi chini, nimeegemea ukuta, goti linavuja damu. Mama alisimama nje ya kituo tangu alasiri hadi baada ya isha, akiwa na khanga aliyokuwa nayo jikoni, imetapakaa unga. Nilipoachiwa hakunipiga. Alinishika mkono tukatembea hadi nyumbani bila neno, na ile sabuni akaitupa chooni. Sikusoma tena shule mwaka ule, ilibidi nirudie darasa. Ile sauti ya "simfahamu" ninaisikia hadi leo ninapofungua riwaya ya upelelezi, kwa sababu ndiyo kanuni ya kwanza ya kazi hiyo: anayetuma anabaki msafi, anayetumwa ndiye anayekutwa na bahasha.

Msidhani hayo yalinipata mimi peke yangu. Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti, aliyezikwa Nyeri mwaka 1941, alipozingirwa Mafeking kule Afrika Kusini mwaka 1899 alikuwa na kikosi cha wavulana waliobeba barua baina ya ngome, kwanza juu ya punda na baadaye kwa baiskeli, na mizinga ikilia. Kutoka humo, na kutoka kwenye Kim pia, ukaja uskauti, pamoja na ule mchezo mzuri wa kutazama vitu kwenye sinia kwa dakika moja, kisha vikafunikwa nawe ukavitaja vyote. Mchezo ule nimewachezesha wanafunzi wangu mara nyingi, na bado nausifu. Wale wa punda na baiskeli, hata hivyo, walikuwa watoto mbele ya mizinga.

Majirani zetu wa Kongo wana neno la kadogo. Ni Kiswahili chetu, neno la kumbembeleza mtoto, na katika vita vya 1996 na 1997 likawa jina la watoto waliobebeshwa bunduki. Si wote walipigana. Wengine walitumwa kwenda sokoni kuangalia adui wako wangapi, kwa kuwa nani atamshuku mtoto anayeuza karanga? Hiyo ndiyo hoja ile ile inayotolewa katika CHERUB, kwamba mtoto hashukiwi, na riwayani inasisimua. Mwaka 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu Thomas Lubanga wa Ituri kifungo cha miaka 14 kwa kuwaingiza vitani watoto wa chini ya miaka 15. Nchini Uingereza kwenyewe, alikozaliwa Alex Rider, kamati ya Baraza la Malodi ilieleza mwaka 2018 wasiwasi wake kwamba polisi hutumia watoto wa chini ya miaka 18 kama watoa habari wa siri, na serikali ilikuwa inataka muda wa kibali chao uongezwe kutoka mwezi 1 hadi miezi 4.

Linaloniogopesha zaidi kwa ajili yenu ni la simu. Desemba 2024 idara ya usalama ya Ukraine ilitangaza kuwa mjini Kharkiv imewakamata vijana wa miaka 15 na 16 waliokuwa wakipiga picha na kuchukua alama za mahali pa ulinzi wa anga, na kwamba waliowatuma waliifanya kazi hiyo ionekane kama mchezo: nenda mahali fulani, piga picha, tuma, upate hatua inayofuata. Watoto wale walidhani wanacheza. Aliyewatuma hakuwahi kuwaonyesha uso. Yule bwana wangu wa dukani angalau nilimjua kwa sura.

Na wasichana, msiseme hili ni la wavulana. Someni Harriet the Spy cha Louise Fitzhugh, cha mwaka 1964. Harriet ana miaka 11, anaishi New York, anazunguka na daftari akiandika kila analoliona kwa majirani na kwa wenzake wa darasani, bila huruma. Siku moja daftari linaokotwa na wenzake wanalisoma kwa sauti. Humo hamna adui wa nchi wala bomu, lakini mtoto yule anapoteza marafiki wote kwa mara moja. Kuchungulia simu ya rafiki na kuhifadhi picha ya mazungumzo yake ni daftari la Harriet. Nawaomba msiwe na daftari la namna hiyo.

Basi someni. Someni hadi usiku wa manane siku za likizo, siku za shule saa nne mzime taa. Chukueni ule uangalifu wa mkanda wa gari, ule wa kutoridhika na jibu kwa kuwa tu limetolewa na mtu mwenye sare au suti. Jifunzeni lugha kama Alex alivyojifunza. Mkitaka kutumikia nchi, milango ipo, na ni ya mchana: mtu anaomba kazi akiwa mtu mzima, na mkataba mkononi. Lakini kila anapotokea kwenye ukurasa mtu mwenye kazi ya kumpa mtoto, simameni kidogo mumwangalie yeye badala ya shujaa. Anapata nini? Mtoto akikamatwa, atakwenda kusimama nje ya kituo hadi isha? Mkizoea kuwauliza hivyo watu wa vitabuni, mtawauliza na wa mtaani na wa kwenye simu.

Nimemwambia haya mjukuu wangu, nikamrudishia kitabu chake. Ninyi wengine nawaomba jambo moja tu. Mtu yeyote akikupa kazi, hata ndogo, hata ya kupiga picha tu, akasema mama yako asijue, mwambie mama siku ile ile. Kama mama hayupo, mwambie bibi, au mwalimu, au njoo kwangu. Njoo hata kama kazi umeshaifanya, hata kama malipo umeshakula.